Milango Sita ya Ami: Kwa Nini Tuliacha Menyu ya Picha

Tovuti ya nyumba ya wageni ya ami yangu, mtaa wa Mkomani hapa Lamu, haikuwa na menyu ya maneno. Ilikuwa na milango. Milango sita ya kuchongwa ilipigwa picha mmoja mmoja vichochoroni, ikapangwa safu juu ya ukurasa: mmoja wa kukurudisha mwanzo, mmoja wa vyumba, mmoja wa chakula, na mingine mitatu. Jina la kila ukurasa lilichorwa ndani ya picha yenyewe, pale juu kwenye nakshi, kwa herufi za mikunjo. Ukiupitishia kipanya, mlango ulifunguka nusu, ukachungulia kiwanda, yaani ua wa nyumba kwa ndani.

Ilipendeza, sitasema uongo. Kila aliyeitazama kwenye kompyuta kubwa aliisifu. Mimi ndiye niliyeiondoa, na haikuwa kazi ya mara moja wala ya maelewano. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu mwenye nyumba ya wageni, mashua au duka la vinyago anayejiandaa kumlipa mtu amtengenezee tovuti. Suala la menyu ya picha au ya maandishi huamuliwa mapema kabisa, mara nyingi na fundi peke yake, halafu gharama zake humfuata mwenye biashara kwa miaka.

Aliyeitengeneza ile ya kwanza hakuwa mjinga. Alijifunza kazi zamani, wakati kivinjari hakikuweza kuonesha fonti isiyokuwamo tayari kwenye kompyuta ya msomaji. Mtu alikuwa na Arial, Times New Roman, na nyingine chache kama Georgia na Verdana, ambazo Matthew Carter alizibuni kwa ajili ya Microsoft zikatoka 1996. Ukitaka herufi zenye sura yako, njia ilikuwa moja: ziandike kwenye Photoshop, zikate vipande, uzipachike ukurasani kama picha. Vitufe vya picha vilienea dunia nzima kwa sababu hiyo. Leo fonti husafiri pamoja na ukurasa, na rangi, vivuli, mistari na mabadiliko ya kipanya hufanywa na CSS, lugha ya kupambia kurasa, bila picha hata moja. Sababu imekufa, mazoea yamebaki.

Mambo yaliharibika siku ami alipotaka kuongeza ukurasa mmoja tu, wa safari za jahazi. Wageni walikuwa wakiuliza kila siku: kwenda Manda Toto kuogelea, kwenda Takwa kuona magofu, kutembea baharini jua likichwa. Alitaka mlango wa saba.

Fundi wa kwanza alikuwa ameshahama na simu yake haipatikani. Faili lake la asili, lile lenye matabaka ambalo mtu angeweza kufuta neno na kuandika jingine, hatukulipata popote. Tulichobaki nacho ni picha bapa zilizokwisha kukatwa, na jina la fonti hakuna aliyelijua. Nilimtafutia ami fundi mwingine Mombasa. Akataka shilingi 3,000 kwa mlango mmoja, maana kila mlango ni picha mbili, uliofungwa na uliofunguka. Ami akashika kichwa. Shilingi elfu tatu kwa neno moja?

Akalipa. Picha zikaja, hazikufanana na zile sita. Mwanga ulikuwa wa mchana mkali ilhali zile za kwanza zilipigwa asubuhi, herufi zilikuwa nene kidogo, na safu iliyopimwa kwa milango sita haikuwa na nafasi ya wa saba. Ukaanguka chini peke yake. Ami alitazama kwa muda, akasema, "Basi mwanangu, hizo safari zieke mwisho wa ukurasa wa chakula."

Hapo ndipo nilipoona menyu imeanza kumwamulia mwenye nyumba biashara yake. Safari za jahazi zilikuwa zinamwingizia pesa kuliko chakula, lakini zilifichwa chini ya samaki wa kupaka kwa sababu picha haikutosha.

Na hilo lilikuwa la kuonekana. La aibu zaidi lilikuwa kwenye mlango wa pili, ulioandikwa "Accomodation", herufi m ikiwa moja badala ya mbili. Wageni walikuwa wamemwambia ami kitambo. Kosa la maandishi hurekebishwa na mtu yeyote kwa nusu dakika. Kosa lililo ndani ya picha huishi hadi atakapopatikana mchoraji.

Kabla ya kugusa kitu chochote nilitaka kujua watu wanafanya nini hasa na ile tovuti. Sikuwa na pesa za utafiti, basi nikafanya la kwetu: nilikaa barazani na gatini na simu za watu. Nilimpa kila mmoja swali moja, kwa mfano, "Nitafutie bei ya chumba," au "Nionyeshe mtu anavyofika hapa kutoka Nairobi." Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana kidole kinakuwasha kumwelekeza. Ukimwelekeza umeharibu jaribio.

Nahodha mmoja alifungua tovuti kwenye simu ndogo aliyokuwa ameiwekea kivinjari cha Opera Mini na kuzima picha ili bando lisimwishie. Aliona jina la nyumba, na chini yake visanduku sita vitupu. Akanirudishia simu. "Ndugu yangu, hii tovuti bado haijaisha." Alikuwa na haki. Kwake yeye haikuwa na menyu. Na ndiye mtu anayekutana na wageni kwanza wakishuka boti kutoka Mokowe au kutoka uwanja wa ndege wa Manda, ndiye anayeulizwa, "Unajua pa kulala?"

Wengine picha ziliwafikia, lakini kwa kuchelewa. Nilipopima, ile milango na jozi zake ilikuwa na uzito kuliko ukurasa mzima uliobaki. Zilikuwa picha za kamera zilizopunguzwa kwa macho tu, yaani ukurasa uliambiwa uzioneshe ndogo, lakini faili lenyewe liliteremka lote. Maneno sita ya maandishi hayafiki hata kilobaiti moja. Tena zile picha za milango iliyofunguka ziliteremka bure: kwenye simu ya kugusa hakuna kipanya cha kupitisha juu ya kitu, kwa hiyo mlango haukuwahi kufunguka. Mgeni alilipia bando la uzuri asiouona.

Jua nalo. Ndani ya nyumba maneno yale yalisomeka. Gatini saa saba mchana, herufi za rangi ya dhahabu juu ya mbao za kahawia zilipotea kabisa. Miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, inayotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1, na kwa herufi kubwa 3 kwa 1. Vipimo vya bure vipo mtandaoni, unaingiza rangi mbili unapata jibu. Lakini kwa picha ya mti uliochongwa utapima wapi? Kila ncha ya nakshi ina rangi yake.

Aliyenimaliza kabisa ni maalim wangu wa chuoni, ambaye macho yake yameondoka uzeeni. Yeye hutumia TalkBack, programu ya simu za Android inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo. Nilimwamkia, nikamweleza, nikamfungulia tovuti. Kidole chake kilipogusa mlango wa kwanza, simu ilianza kumsomea jina la faili la picha: herufi, tarakimu, mstari, tarakimu. Mlango wa pili vivyo hivyo. Akasubiri wa tatu, akacheka. "Mwanangu, ami yako ameandika namba za simu?"

Ilikuwa hivyo kwa sababu kila picha kwenye HTML, lugha ya kuundia kurasa, ina mahali pa kuandika maneno mbadala, sifa iitwayo alt, na fundi hakuandika kitu. Ikiwa wewe tovuti yako ina menyu ya picha na huna uwezo wa kuibadili sasa, fanya hili leo: muambie fundi ajaze alt za picha zote za menyu. Na angalizo, kwa sababu wengi hukosea hapa: picha ikiwa ni kiungo, maneno yake mbadala yaseme inakopeleka, si inavyoonekana. "Vyumba na bei" ndiyo sahihi. "Mlango mzuri wa kuchongwa wa Lamu" humwacha msikilizaji palepale alipokuwa. Picha ya urembo tu, isiyo kiungo, iachiwe alt tupu ili programu iipite kimya. Pia rudia viungo vyote kwa maandishi chini ya ukurasa. Ni desturi ya tangu miaka ya 1990, na bado inaokoa watu.

Mgeni mmoja wa Kitaliano alinionyesha jambo ambalo sikulitarajia. Kivinjari chake kilimtafsiria ukurasa mzima kwa Kitaliano, isipokuwa menyu. Programu ya kutafsiri ukurasa hushika maandishi, picha huiacha ilivyo. Nyumba ya wageni ya pwani hii inapokea watu wa lugha nyingi, na kwa menyu ya picha ungehitaji milango sita kwa kila lugha, mara mbili.

Nilirudi kwa ami na daftari langu. Nilidhani ushahidi ungetosha.

"Wageni huya Amu kwa ajili ya milango hii," akaniambia. "UNESCO wameuandika mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Wewe wataka niiondoe niweke orodha kama ya bei za duka?"

Nilimwelewa, na bado namwelewa. Hoja yake haikuwa ya teknolojia. Tovuti nyingi za nyumba za wageni zinafanana, na ile milango ilimwonyesha mtu kwamba hapa si hoteli ya popote. Wanaotetea menyu ya maandishi huwa wanasahau jambo hili, wanadhani mwenye biashara anang'ang'ania urembo tu kwa ukaidi. Anang'ang'ania utambulisho wake. Basi sikubishana naye juu ya uzuri. Nilimwomba maalim aje anywe kahawa, na nikampa ami simu ya nahodha aitumie mwenyewe, picha zikiwa zimezimwa. Aligusa visanduku vitupu kimoja kimoja akitafuta chumba chake mwenyewe. Hakusema kitu mpaka kahawa ikaisha. Kisha akaniuliza itagharimu kiasi gani.

Hakukuwa na gharama kubwa ya pesa, kwa kuwa kazi ni yangu, na kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, na nafasi ya seva vilikuwa vimelipiwa. Gharama ilikuwa ya muda, na sehemu iliyokula muda haikuwa msimbo. Msimbo ni rahisi: orodha ya kawaida ya HTML yenye viungo, halafu CSS ya kuipamba. Kila neno nililipa nafasi ya kutosha kidole gumba. WCAG ya 2023 inakubali eneo la kugusa la pikseli 24 kwa 24, na kiwango chake cha juu zaidi kinataka 44 kwa 44. Nilichukua 44, kwa sababu watu hufungua simu ndani ya boti inayoyumba. Rangi ya usuli nyeupe ya chokaa, maneno ya kahawia nzito, ukurasa uliopo umepigiwa mstari na kukolezwa, maana rangi peke yake wapo wasioitofautisha. Fonti moja tu ya kuletwa, na kivinjari kimeambiwa kioneshe maneno kwa herufi za simu yenyewe hadi fonti ifike.

Muda ulikwenda kwenye maneno. Ami aliposhindwa kwenye picha alihamia huku. Alitaka majina ya sehemu za nyumba zetu za kale: mwanzo uitwe "Daka", vyumba viitwe "Msana", na picha za nyumba "Zidaka". Kwa mtu wa hapa ni raha tupu. Lakini mgeni kutoka Nakuru atajuaje kwamba bei ya chumba iko msanani? Menyu ya maandishi inaweza kuwa fumbo vilevile kama ya picha. Tulijaribu tena barazani, safari hii kwa kuwasomea watu maneno tu na kuwauliza, "Ukibonyeza hapa unatarajia kukuta nini?" Majibu yakaamua yenyewe: Vyumba na bei, Chakula, Safari za jahazi, Jinsi ya kufika, Wasiliana nasi. Majina ya sehemu za nyumba yakahamia kwenye majina ya vyumba vyenyewe, ambako kila jina lina picha na maelezo mafupi chini yake, na mgeni anajifunza bila kupotea.

"Jinsi ya kufika" haikuwamo kabisa kwenye ile milango sita. Ilikuwa aya moja ndani ya ukurasa wa mawasiliano. Barazani ndiyo iliyoulizwa kuliko zote: ndege inatua wapi, basi linaishia wapi, boti inalipwa nani. Fundi alipochagua milango kwanza na maneno baadaye, idadi ya picha nzuri alizonazo ndiyo iliyopanga kurasa. Ukinisikiliza kwa neno moja tu, anza kuandika orodha ya maswali ya wateja wako kwenye karatasi kabla hujamwonyesha fundi picha yoyote.

Picha tulizibakiza panapostahili. Mlango mmoja, ule wa nyumba yetu wenyewe, umekaa juu ya ukurasa wa mwanzo, umebanwa ukawa mwepesi, na hauna neno ndani yake. Kwenye ukurasa wa vyumba, picha ndiyo kiongozi: mtu huchagua chumba kwa macho, na hapo kumpa maneno matupu ni kumnyima. Ila chini ya kila picha kuna jina na bei kwa maandishi, na vyote viwili, picha na jina, ni kiungo kimoja. Hata WCAG ya 2008 ilisema hivyo kwa upole: panapowezekana tumia maandishi yenyewe, si picha ya maandishi, isipokuwa pale sura mahususi ni ya lazima, kama kwenye nembo.

Kuhusu alama ndogo ndogo nina ukali kidogo. Ile mistari mitatu ya kufungulia menyu Norm Cox aliichora kwa kompyuta ya Xerox Star mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vijana wote wanaijua. Wazee wa barazani hawaijui. Mmoja alidhani ni pambo. Mafundi hupenda kuficha menyu humo hata kama ina maneno matano tu. Kwa nini? Maneno matano yanaenea mistari miwili kwenye simu, yaache yaonekane. Ukilazimika kutumia alama, iandikie neno pembeni: alama ya simu na "Piga", alama ya bahasha na "Andika". Alama peke yake niliiacha mahali pamoja, ile ya WhatsApp, kwa sababu hapo hakuna aliyesita hata mmoja, ingawa nayo ina alt yake.

Hasara pia ipo. Wageni wawili watatu wa zamani waliandika kwamba wanaikumbuka ile milango iliyokuwa ikifunguka. Mimi nawaambia ukweli, kwamba menyu ya sasa haina kitu cha mtu kumwonyesha mwenziwe. Ni menyu tu. Siwezi pia kudai kwamba vyumba vimejaa kwa sababu yake, msimu una mambo mengi. Ninachoweza kusema ni kwamba simu za kuuliza "boti tunapandia wapi" zimepungua, na maalim alifika kwenye bei ya chumba peke yake.

Kwa anayekwenda kulipa fundi sasa: kabla ya shilingi ya mwisho kutoka mkononi, dai faili za asili zenye matabaka, jina la fonti na leseni yake, nenosiri la seva, na kikoa kisajiliwe kwa jina lako, si la fundi. Halafu mwambie, mbele yako, abadilishe neno moja la menyu. Akikwambia atakurudia wiki ijayo, umeshajua menyu hiyo ni ya nani.

Ami nilimfundisha kubadilisha maneno kwa simu yake. Ulipokaribia mwezi wa mfungo sita aliongeza mwenyewe "Maulidi", na ukurasa wa kueleza wageni ratiba na adabu za kuvaa. Kazi nzuri. Wiki iliyofuata nikakuta "Punda". Kisha "Hina". Kisha "Shairi la leo". Sasa menyu ina maneno tisa, inachukua nusu ya kioo, na kila neno ami ana sababu yake. Juzi nimemwekea sharti kwamba neno jipya likiingia jingine litoke, na bado hajanijibu.